Papa Shofere Anapima Maji

Ng'ombe wa Luberizi hawaogopi sireni. Unaweza kuipigisha mpaka masikio yako mwenyewe yazibe, nao watabaki katikati ya barabara wakicheua na kukutazama, kana kwamba wewe ndiye uliyewakatiza shughuli. Papa Shofere alikuwa na dawa yao. Akifika penye kundi alizima sireni, akashusha kioo, akatoa kichwa nje na kupiga mluzi mmoja mrefu unaopanda mwishoni, aliofundishwa na wachungaji wa huko. Ng'ombe walijitenga pembeni, ambulansi ikapita, wachungaji wakampungia fimbo na yeye akawapungia kofia. Mimi niliyekuwa nyuma, mkono mmoja umeshika chupa ya seramu na wa pili umemshika mgonjwa, nilicheka hata siku ambazo hazikuwa za kucheka.

Nilifanya kazi naye miaka mingi, mimi muuguzi, yeye dereva. Uvira ina mashofere wa kila namna, wa malori ya mchele, wa mabasi ya Bukavu, wa magari ya mashirika, lakini ukisema Papa Shofere bila kuongeza neno, watu wanajua ni yeye. Jina lake la ubatizo ninalijua. Nikilitumia leo, hata mke wake atauliza ninamzungumzia nani.

Alikuwa mfupi. Naomba hilo lieleweke mapema, maana yeye mwenyewe hakulikubali. Alikalia mto mnene wa kitenge alioshonewa na mke wake, na ukimuuliza alisema ni wa mgongo. Mtu aliyesimama kando ya barabara aliona ambulansi nyeupe inakuja, na ndani yake kofia ya sufu, basi. Watoto wa Mutarule waliamini kwa muda mrefu kwamba gari letu linaendeshwa na kofia.

Alipenda kuulizwa habari za njia, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari.

"Papa Shofere, barabara iko vipi leo?"

"Barabara? Kuko barabara? Weye njo uniambie iko wapi, minye naitafutaka tokea asubuyi."

Alisema hivyo kila siku, na kila siku alisubiri tucheke. Tulicheka. Asiyecheka alirushwa kwenye shimo la kwanza, na sidhani ilikuwa bahati mbaya.

Kanisani kwake alikuwa shemasi, na ushemasi wake hakuuacha nyumbani. Vijana wa pikipiki walimkimbia. Akiona mmoja amelegea kwenye kivuli alisimamisha ambulansi, iwapo hatukuwa na mgonjwa, akamhubiria palepale dirishani.

"Angalia macho yako! Iko nyekundu sawa pilipili. Ulikunywa kanyanga, ao ulimeza bile bidonge? Minye sikunywaka pombe tokea Mungu aliniokoa. Angalia minye! Niko muzee sawa baba yako, na ninaendesha muzuri."

"Ndiyo, papa," kijana alijibu, akawasha pikipiki yake na kwenda kulala kwenye kivuli kingine.

Mfuko wake wa kulia ulikuwa wa watu wote. Ulijaa karanga za kukaanga, na aligawa bila kuombwa: kwa askari wa kizuizi cha barabarani, kwa mama wa mgonjwa aliyekuwa akilia, kwangu. Mfuko wa kushoto haukuguswa. Siku moja nilinyoosha mkono huko kwa utani tu, akanipiga kofi la vidole kama vile ninamwibia. Akasema kule kuna dawa ya mugongo, na dawa si chakula.

Mgongo wenyewe haukuwa uongo. Njia ile ya uwandani imewavunja watu wenye migongo mirefu kuliko wake. Mwenye duka la dawa karibu na soko alimpa tramadol, akamwambia ameze baada ya safari, maumivu yakimzidi. Akameza baada ya safari. Kisha akameza kabla ya safari, ili maumivu yasipate nafasi ya kuja. Mwishowe simu ikilia tu, mkono unakwenda kushoto kabla haujashika ufunguo. Mimi ni muuguzi, macho yangu yalikuwa yanaona: anajikuna pua muda wote, anatoka jasho na kioo kiko wazi, mboni zake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Kuna siku alizungumza kutoka Luberizi hadi mjini bila kuvuta pumzi, na siku nyingine hakujibu hata salamu.

"Papa Shofere," nilimwambia, "ile dawa ya mugongo. Sasa mugongo haiponake?"

"Mugongo iko muzuri kabisa, Muganga. Njo sababu naendelea kuimeza."

Na hakuwa peke yake. Mlinzi wa lango letu alimeza. Mwenzangu mmoja wa zamu alimeza kimoja ili asisinzie na kingine ili apate kusinzia. Kazi yetu ni kufika mahali watu wengine wanapopakimbia, kisha kurudi, kunawa na kuulizwa kama tumekula. Tulitaniana kuhusu vidonge kama watu wengine wanavyotaniana kuhusu vitambi.

Kulikuwa na jambo la kioo pia. Kile kioo kidogo cha ndani, cha kumwonyesha dereva yaliyo nyuma yake, hakikuwepo. Ukimuuliza alisema kilianguka shimoni, na kwamba hakihitaji. "Nyuma ni ya Muganga, mbele ni yangu. Minye nikiangalia nyuma, nani ataangalia mbele?" Lakini mimi nilikuwepo siku kilipoonekana kwa mara ya mwisho. Risasi zilikuwa zimelia uwandani, tukapakia watu wengi kuliko gari linavyoweza kubeba, na miongoni mwao watoto. Papa Shofere aliendesha hadi Uvira, macho yakienda kiooni kila mara. Kesho yake kioo hakikuwepo, na skrubu zake zilikuwa zimepangwa vizuri ndani ya kisahani cha majivu. Shimo halipangi skrubu. Sikumuuliza, kwa kuwa mimi mwenyewe wiki ile nililala taa ikiwaka.

Daktari mkuu wa hospitali, tuliyemwita Docteri Mukubwa, alituita sote uani siku moja akatangaza: dereva atakayekutwa amelewa, iwe kwa pombe au kwa kidonge, hatashika tena gari la hospitali maisha yake yote. Papa Shofere alipiga makofi kuliko wote. Nilimtazama akipiga makofi yale nikaogopa, maana nilijua usukani ni nini kwake. Mtu huyu aliosha gari Jumapili baada ya ibada bila kuagizwa na mtu. Nje ya gari alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya joto. Ndani yake alikuwa yule ambaye kijiji kizima kilimsubiri kando ya njia, na kilipoiona kofia inakuja, kilianza kuamini kwamba mgonjwa wao atafika.

Sasa nieleze habari za maji.

Kabla ya Nyakabere kuna mto ambao daraja lake lilichukuliwa na mafuriko, na magari yanapita ndani ya maji. Mto ule ni mnafiki. Uwandani jua linawaka, hakuna wingu, kumbe milimani imenyesha, na baada ya muda maji ya rangi ya chai ya maziwa yanateremka na kugeuza kila kitu. Kwa hiyo Papa Shofere alikuwa na utaratibu wake. Alivua viatu, akaingiza soksi ndani ya viatu, akaviweka kwenye kiti, akakunja suruali, akachukua fimbo yake na kuingia majini kwa miguu. Alivuka hadi ng'ambo. Akageuka, akarudi akikanyaga palepale alipokanyaga. Ndipo akapanda gari na kutuvusha. Hakuwahi kuacha. Nilishagombana naye mgonjwa anatoka damu mikononi mwangu.

"Papa Shofere, mugonjwa anakufa!"

"Na tukizama, atapona?"

Nikamwambia basi, akifika ng'ambo apige ukelele, dereva msaidizi avushe gari, tusipoteze muda wa kurudi. Alinitazama kama vile nimetukana. "Kwenda, kila muntu anaenda. Kurudia njo kupima."

Siku moja, bila dereva msaidizi, tulikuwa tumemchukua Nyakabere mwanamke wa mimba ya kwanza, uchungu umemkaa muda mrefu na mtoto hashuki. Alisindikizwa na mama mkwe wake, mwanamke mwenye sauti, aliyepanda na kikapu, kuku na maoni. Tulipokuwa tunampakia mgonjwa niliona mkono wa Papa Shofere ukienda kushoto. Tulipofika mtoni niliuona unakwenda tena.

Akavua viatu, akaviweka kwenye kiti. Akakunja suruali. Akaingia majini taratibu na fimbo yake, injini inanguruma, sisi tunamtazama. Maji yalimfika kwenye mapaja. Akafika ng'ambo, akapanda ukingo, akasimama barabarani kukavu.

Kisha akaendelea kwenda.

Alikwenda mwendo wa mtu anayetoka shambani, fimbo begani, miguu mitupu, hana haraka. Nilidhani anatafuta mahali pa kujisaidia, nikageuza macho kwa heshima. Nilipoyarudisha alikuwa bado anakwenda.

"Muganga," mama mkwe aliuliza, "ule papa anaenda wapi?"

"Anapima maji, mama."

"Maji imeishia kule! Sasa anapima vumbi?"

Nilicheka. Ndiyo, nilicheka, na kicheko kilikuwa bado mdomoni mgonjwa alipopiga ukelele wa wale wanaoanza kusukuma. Nikatazama mto. Jiwe ambalo Papa Shofere alikuwa amelikanyaga akiingia halikuonekana tena. Maji yalikuwa yanapanda, na mtu pekee aliyejua kuendesha gari lile alikuwa anatembea kuelekea Luberizi bila viatu. Niliita mpaka koo likauma. Nikaruka mbele, nikapiga honi. Papa Shofere, bila kugeuka, aliinua mkono akaisalimu honi kama anavyosalimiwa mtu wa kupita njia.

Ng'ambo kulikuwa na mchungaji na ng'ombe wake. Nadhani alielewa haraka kuliko mimi. Alitia vidole mdomoni akapiga mluzi ule, mrefu, unaopanda mwishoni. Na Papa Shofere akasimama. Akasogea kando ya barabara, upande wa kulia, kuwapisha. Akabaki pale akisubiri kundi lipite, na kundi halikuja. Ndipo alipogeuka. Aliitazama miguu yake, akautazama mto, akatutazama sisi. Sitausahau uso ule.

Alirudi, maji yakimfika kiunoni. Alisimama kwenye mlango wa gari.

"Muganga, minye nilikuwa naenda wapi?"

"Sijui, papa. Ulituacha."

Alipanda, akakaa juu ya mto wake wa kitenge, akashika usukani kwa mikono miwili. Alizima injini, akachomoa ufunguo na kuutia kiganjani mwangu.

"Sibavukishe. Sijui kama nilipima, ao nilirota. Siwezi kuvukisha bantu na maji ya ndoto."

Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Lakini sikuwa na muda wa kumchukia vizuri, kwa sababu kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshaonekana. Tulizalisha palepale ukingoni, mama mkwe akishika miguu na kuku akikanyaga pamba zangu. Papa Shofere alisimama nje, mgongo umetugeukia, kwa sheria yake ileile ya mbele na nyuma. Mtoto alitoka kimya, kitovu kimemzunguka shingo. Nikamfungua, nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikampulizia hewa. Kimya. Nikarudia. Nje nilisikia sauti ya mzee ikisema jambo moja tu mara kwa mara: "Tafazali, mutoto. Tafazali, mutoto." Hakuwa akimwomba Mungu, alikuwa akimwomba mtoto mwenyewe. Na mtoto alipolia hatimaye, nilimwona shemasi wetu, katika shati lake jeupe la hospitali, akikaa chini kwenye matope.

Maji ya mlimani hupanda upesi na kushuka upesi. Yaliposhuka, dereva wa lori la mchele aliyefika nyuma yetu tukizalisha aliacha lori kwa msaidizi wake na kutuendeshea hadi Uvira. Papa Shofere alikaa pembeni yake, viatu mapajani, hakuvivaa njia nzima. Mama mkwe alikuwa na mengi ya kusema, na aliyasema yote.

Kesho yake asubuhi Papa Shofere alikuja hospitali amevaa tai. Mimi nilikuwa nimeitwa kueleza yaliyotokea, na nilikuwa bado natafuta maneno mlango ulipofunguliwa. Docteri Mukubwa, ambaye alizoea kumwona kwa shida moja tu, alivuta pumzi.

"Papa Shofere, tena tairi?"

"Tairi iko muzima, Docteri. Ni minye." Akaukung'uta mfuko wa kushoto juu ya meza. Vidonge viliviringika hadi kwenye kalamu za daktari.

Docteri alivikusanya kwa kiganja. Alikuwa ametangaza neno lake uani mbele yetu sote, na alilitimiza, ingawa niliona lilimuuma. Kisha akavuta kiti, akamkalisha, akamweleza kwamba hataviacha kwa siku moja, mwili hautakubali, watapunguza kidogo kidogo na atakuja kumwona yeye mwenyewe. Mwishoni akauliza: "Na wengine ni nani?"

"Minye nilikuya kujichongea mwenyewe," mzee alijibu. "Bengine biko na miguu yabo."

Mlinzi wa lango alikwenda wiki ileile. Mwenzangu wa zamu alichelewa, lakini alikwenda.

Mke wa Papa Shofere anauza mikeke, samaki wa ziwani, huko Kalundu, na ni mwanamke asiyetaka maelezo marefu. Aliona mume anatetemeka, anatapika, anazunguka nyumba akitafuta ufunguo ambao haupo, na kila njia ya mjini inapita mbele ya duka la dawa. Akampakia kwenye lori na kumpeleka kwenye shamba la ndugu zake karibu na ule mto. "Kule kuko mbu, panya na muchele," aliniambia. "Farmasi haiko." Hata huko vidonge vilimfuata siku moja, vimebebwa na kijana wa pikipiki, huenda mmoja wa wale aliowahubiria. Mama alifunga meza yake ya samaki, akaenda kukaa naye shambani msimu mzima. Alisema mzee alilia sana, na alikuwa mkulima mbaya.

Nilimwona tena mvua hizi zilizopita. Tulikuwa tunatoka Nyakabere na mgonjwa wa ngiri, mimi nikiwa mbele, dereva wetu mpya akiwa kijana mrefu asiyehitaji mto wa kukalia. Tulipofika mtoni akatazama maji akasema ni machache, twende. Kabla hajatia gia, kofia ya sufu ikatoka kwenye mpunga. Chini ya kofia alikuwa Papa Shofere, suruali imeshakunjwa, fimbo mkononi. Aliweka kiganja chake juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza ng'ombe, kisha akaja dirishani kwangu.

"Muganga, umenona. Kumbe minye njo nilikuwa nakukondesha."

"Papa Shofere, mugongo inasema nini?"

"Inauma kabisa. Inauma muzuri, naisikia yote."

"Na mufuko ya kushoto?"

Aliugeuza nje. Zikatoka karanga, akanijazia kiganja, akampa na mgonjwa, akampa na dereva aliyechukua nafasi yake. Nilimtazama mboni. Aliniacha nitazame, akafumbua macho zaidi kunirahisishia kazi. Nilitaka kumwambia kwamba nimemkumbuka, nikashindwa, nikauliza swali la muuguzi.

"Umemeza leo, papa?"

"Leo bado. Kesho upite uniulize tena." Hakucheka aliposema hivyo.

Kisha akaingia majini. Dereva mpya alipiga vidole kwenye usukani, akaniuliza kama huyu mzee analipwa na nani, nikamwambia anyamaze azime injini. Maji yalimfika magotini, kwenye mapaja, yakashuka tena magotini. Akapanda ukingo wa ng'ambo, akasimama barabarani kukavu, mgongo umetugeukia, fimbo begani. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye honi.

"Muganga," dereva aliuliza, "ule papa anaenda wapi?"

Papa Shofere akageuka. Hata kutoka ng'ambo niliona anacheka, mabega yanaruka, kofia inaruka, anacheka kwa sababu alijua hasa mkono wangu uko wapi. Akanipungia. Kisha akakunja suruali vizuri, akashuka tena majini, akarudi akikanyaga palepale alipokanyaga.